Nimekata mtutu wa gobore langu inchi 3 na kutengeneza mdomo upya: mrejesho kamili (uzi mrefu, vuta kiti)

Shindilia50 (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu. Kuna watu humu waliniahidi matusi nikithubutu kuugusa ule mtutu na msumeno, basi nimeugusa, tukaneni taratibu huku naelezea.

Kwa wageni: mimi mtu wa Tabora, niko Ohio huku Marekani mwaka wa 11 sasa, na ugonjwa wangu ni bunduki za kushindilia, zile ambazo kwetu mtu akiziona anasema gobore na anageuka kuangalia kama kuna askari karibu. Huku ni mchezo wa wazee wenye vitambi na viti vya kukunja. Unamimina baruti nyeusi kwa mdomo wa mtutu, unaweka kitambaa kilichopakwa mafuta, juu yake gololi ya risasi, unaishindilia na fimbo mpaka ikalie baruti, unavisha fataki (kile kikofia kidogo kinachotoa cheche kikigongwa), unalenga, moshi unatoka kama mtaa mzima unachoma takataka, alafu unaanza upya. Mtu mwepesi dakika nzima kwa risasi moja, mimi mbili mana naongea sana.

Bunduki yenyewe ni mtindo wa Hawken, wale ndugu wawili Jacob na Samuel wa St. Louis waliokuwa wanawatengenezea wawindaji wa milima ya magharibi. Yangu ni nakala ya kiwandani, kaliba .50 (yani tundu la nusu inchi), mtutu wa pembe nane wenye upana wa 15/16 ya inchi, urefu inchi 32. Niliinunua mkononi kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama nyumba, bei ya kutupa, na baadae nikajua kwanini.

Haipigi. Yani inapiga ila haijui inapiga wapi. Yadi 50, ambayo ni kama mita 46, nimekaa mezani bunduki imelazwa kwenye mfuko wa mchanga, risasi 5 zinatawanyika inchi 7. Na siyo kwamba zinaenda upande mmoja ukasema nitasogeza saiti (kile cha kulengea), hapana, moja kushoto juu, ya pili kulia chini, ya tatu haijulikani. Nikabadilisha baruti kuanzia grein (kipimo cha uzito) 50 mpaka 90, nikabadilisha vitambaa vinene na vyembamba, mafuta ya aina zote, gololi za .490 na .495. Hamna kitu. Miezi minne nanunua risasi napiga udongo.

Siku moja naisafisha, nikapitisha kitambaa kinachobana kwenye ncha ya fimbo, navuta taratibu kutoka chini kuja juu. Kinabana, kinabana, kinabana, alafu kabla ya kutoka kikalegea ghafla kama mtu amefungua mlango. Nikarudia mara kumi, palepale. Nikawasha tochi nikatazama mdomoni: ile mistari ya mzunguko ndani ya mtutu, huku chini iko wazi unaihesabu, pale mdomoni upande mmoja imelika imekuwa kama kivuli na kuna vishimo vya kutu.

Hapo nikaelewa. Mzee alikuwa anasafisha kwa fimbo ya chuma akiisugulia mdomoni miaka yote, na moshi wa baruti nyeusi unaacha chumvi zinazovuta unyevu, sasa mtu akifuta chini akasahau mdomo, kutu inakula palepale ambapo ndiyo pa muhimu.

Naendelea chini, ngoja nimpe mtoto maziwa.

mlalahai77

Nimevuta kiti mkuu. Ila kabla hujaendelea, kwanini mdomo ndiyo muhimu kuliko huko ndani ambako baruti inalipukia?

Shindilia50

Swali zuri. Chukulia gololi ni mtu anatoka mlangoni na nyuma yake kuna umati unasukuma. Ndani ya korido hana pa kwenda, kuta zinamshika. Sehemu ya mwisho kuguswa ni kizingiti. Kizingiti kikiwa sawa pande zote, umati unamwachia kwa pamoja anaenda zake mbele. Kikiwa kimelika upande mmoja, moshi unawahi kuchomoka upande ule na jamaa anapigwa kikumbo akiwa anaondoka. Kikumbo kidogo sana, ila kwa yadi 50 ni kikubwa.

Na kila risasi kikumbo kinabadilika kidogo kwasababu kitambaa hakikai vilevile, ndomana matundu yanatapakaa badala ya kuhama pamoja.

FundiMkerezaji

Mimi nakereza vyuma Mwanza mwaka wa 20 sasa, bunduki sijui ila bomba nalijua. Hapo maelezo yako yamenyooka. Swali langu: kwanini inchi 3? Kama ugonjwa uko mdomoni si ungekata inchi moja na nusu ukaangalia kwanza. Chuma ukishakata huwezi kurudisha.

Shindilia50

Fundi nakuheshimu na hilo swali lilininyima usingizi. Sababu mbili. Ya kwanza, kile kimfereji cha saiti ya mbele kilikuwa inchi moja tu na kidogo kutoka mdomoni, ningekata inchi moja na nusu ningekata katikati yake, kwahiyo lazima ukate kwa kukipita. Ya pili, sikujua ule ulegevu unaishia wapi hasa, nikaogopa kukata mara mbili. Nikasema bora nizidishe.

FundiMkerezaji

Kuzidisha siyo kupima. Endelea.

Shindilia50

Haya. Kabla ya yote, WAKUU, hakikisheni haina kitu ndani. Bunduki za kushindilia hazina pa kufungua ukachungulia. Mtu anaweza kushindilia mwaka juzi, akaitundika ukutani, akafa, ukarithi. Unatumbukiza fimbo mpaka chini, unaweka alama kwa kalamu pale mdomoni, unaitoa unailaza nje sambamba na mtutu. Ikifika karibu na pale fataki inapokaa, ni tupu. Ikipungua inchi moja au zaidi, kuna mzigo ndani na wewe ulikuwa unaelekea kuikata na msumeno. Nilifanya hivyo mara tatu japo mimi mwenyewe ndiye niliyeipiga jumapili.

Mtindo wa Hawken mtutu unatoka kirahisi, unachomoa kabari iliyopita kwenye mti, unainua. Nikaosha kwa maji ya moto na sabuni, nikakausha, nikachomoa kile kichuchu cha fataki.

Nikafunga mtutu kwenye jiliwa, mbao laini pande zote. Nikazungushia utepe wa karatasi pale pa kukatia, na uzuri wa pembe nane ni kwamba unaweka skwea kwenye kila ubavu, unachora mstari, ukimaliza mbavu nane mstari wa mwisho lazima ukutane na wa kwanza, usipokutana umekosea mahali. Msumeno wa chuma wa meno madogo, 32 kwa inchi. Sikukata moja kwa moja, nilikuwa nakata kidogo nageuza, nakata kidogo nageuza. Dakika 40 hivi na wimbo wote wa taarab niliokuwa naujua ukaisha.

Kipande kikadondoka. Nikakiweka mfukoni, hicho tutakirudia.

Kisha ikaja kazi ya kupiga tupa. Tupa bapa mpya, skwea kila ubavu, unatazama mwanga chini ya skwea, unapunguza palipoinuka.

BibiShangani

Kaka angu hiyo fimbo jina lake ni mdeki. Mdeki wa bunduki. Babu yetu Unguja alikuwa nayo bunduki ya gumegume ukutani, na mdeki wake alitutandikia nao. Nyinyi mnaongea fimbo fimbo kama mnachunga mbuzi.

Shindilia50

Hahaha shikamoo bibi. Mdeki. Kuanzia hapa ni mdeki.

mlalahai77

Kumbe gumegume ni bunduki!! Mimi najua mwanaume gumegume tu.

BibiShangani

Marahaba. Gumegume ni ile inayopiga jiwe kwa chuma ikatoa cheche. Ikinyeshewa na mvua inalia ta, hakuna kinachotokea. Sasa wewe mwenyewe linganisha na huyo mwanaume.

FundiMkerezaji

Turudi kwenye kazi. Shindilia, umesema umenyoosha uso wa mdomo kwa skwea ukiegemea mbavu za nje. Hapo umedhani tundu liko katikati ya chuma na linaenda sambamba na nje. Bomba refu likitobolewa, tobo linaweza kupotoka kidogo. Unachotaka kinyooke ni uso dhidi ya TUNDU, siyo dhidi ya nje. Mimi ningekushikia kwenye mashine nizungushe nikiegemea tundu.

Shindilia50

Ndiyo maana nilitaka wewe uwe jirani yangu. Ni kweli kabisa, na ndipo nilipochemka. Sasa sikilizeni aibu yangu.

Nikakodi kifaa cha kukatia mdomo, kina kigingi kinaingia ndani ya tundu kwa kubana, na makali yanazunguka juu yake. Kigingi ndicho kinachofanya anachosema fundi, kinaegemea tundu. Nikazungusha kwa mkono na mafuta ya kukatia, kikatoa uso mzuri, umezama kidogo kuelekea ndani, ukingo wa tundu mkali unakata kucha. Nikafurahi. Nikapiga picha nikamtumia shemeji.

Nikaenda uwanjani. Inchi 9. Nyinyi mnanisikia? Kutoka 7 kwenda 9. Nimekata mtutu wa watu na imekuwa mbaya zaidi.

Njoro_wa_Naks

Wueh. Pole bro. Si hapo ndio ungeita fundi wa bunduki afanye kazi yake?

Shindilia50

Niliuliza duka moja la mafundi karibu na hapa, nikaambiwa nisubiri miezi mitano na bei iliyokuwa inazidi bei niliyonunulia bunduki. Nikarudi nyumbani na kiburi changu.

Mzee_wa_Msasa

Vijana. Nimekaa kimya nasoma. Mimi niko Indiana, nashindilia tangu kabla wengine humu hamjazaliwa. Shindilia, ulitazama vitambaa?

Shindilia50

Shikamoo mzee. Mara ya kwanza sikutazama. Ya pili nilitazama.

Mzee_wa_Msasa

Marahaba. Basi waeleze watu ulichokiona, usiwafiche.

Shindilia50

Wakuu hili ndilo la thamani kuliko yote kwenye huu uzi. Kitambaa hakiendi na gololi mpaka kwenye shabaha, kinaanguka mbele yako hatua kumi, kumi na tano. Ukipiga, tembea ukaviokote, usiondoke hivihivi. Kitambaa ndicho barua ya kilichotokea ndani.

Kikirudi kizima, kina doa jeusi la duara katikati na pembeni kimechakaa tu kidogo, mambo yako salama. Kikiungua katikati tundu limetoboka, baruti imekizidi au mafuta hayatoshi. Vyangu vilikuwa vimekatwa. Siyo kuungua, KUKATWA, kama kwa wembe, mikato midogo kwenye duara pale ambapo gololi inabana kitambaa dhidi ya ukuta. Na vilikatwa palepale kila kimoja.

Yani ule ukingo mkali niliokuwa najisifia ulikuwa unachana kitambaa wakati wa KUINGIZA, siyo wakati wa kutoka. Naingiza gololi kwa mdomo, kitambaa kinakwangua kwenye wembe, kinashuka chini kikiwa kimeshachanika, nikipiga moshi unapita pembeni yake.

Mzee_wa_Msasa

Hapo ndipo watu wengi wa bunduki za kisasa wanapokosea wakija huku kwetu. Bunduki ya kisasa risasi inaingilia nyuma, mdomo ni wa kutokea tu, ukingo mkali unaovutia ni sawa. Yetu mdomo ni mlango wa kuingilia na wa kutokea. Lazima uwe sawa pande zote NA uwe laini. Mafundi wa zamani wa Pennsylvania walikuwa wanapanua mdomo kidogo kama faneli ili gololi iingie kwa kidole gumba tu, na zikapiga.

Shindilia50

Ile ya faneli niliiona kule Friendship, Indiana, kwenye uwanja wa ule muungano wa kitaifa wa watu wa bunduki za kushindilia ulioanzishwa 1933. Mzee mmoja alisukuma gololi kwa kidole, mdeki ukashuka kama kijiko kwenye uji. Nikatamani, ila baada ya inchi 9 sikuwa na hamu ya kupanua chochote.

Nilichofanya ni kile ambacho mzee wa msasa aliniambia inbox, na sikuamini kwamba kinaweza kuwa rahisi hivyo.

Kwanza unasukuma kitambaa chenye grisi inchi moja ndani kuziba ili uchafu usishuke. Unachukua skrubu ya brasi, ile shaba ya njano, yenye kichwa cha duara kama nusu gololi, kikubwa kuliko tundu. Unaifunga kwenye drili kwa ule mkia wake, kichwa kinabaki nje. Unapaka grainding pesti, hiyohiyo ya mafundi magari ya kusagia valvu. Unaweka kichwa mdomoni, drili taratibu, na huku inazunguka UNAITIKISA mkono wako ukichora duara, usiishike wima ikatulia. Kichwa cha duara kinajitafutia katikati chenyewe, na mtikisiko unafanya kasoro ya skrubu isijiandike kwenye chuma. Dakika moja, futa, tazama. Unataka kuona pete nyembamba inayong'aa, upana sawa kuzunguka kote. Yangu mwanzo ilikuwa nene upande mmoja, ndiyo ile kasoro ya fundi mkerezaji, kigingi changu cha kukodi kilikuwa kinacheza kidogo. Nikaendelea mpaka pete ikawa sawa.

Kisha msasa na kidole gumba. Msasa wa 220 unauweka juu ya mdomo, unabonyeza kwa kidole gumba nyama yake izame kidogo ndani ya tundu, unazungusha mkono nusu duara kwenda nusu duara kurudi, kila mara kumi unageuza mtutu robo ili usile upande mmoja. Alafu 320, 400, 600 na mafuta. Saa nzima. Kidole kilikuwa hakina alama, naweza kuiba benki.

Mwisho nikachukua kijiti cha pamba ya masikio nikakizungusha ukingoni kutoka ndani kwenda nje. Kama kuna kijichuma kimesimama kitashika nyuzi za pamba. Kilishika sehemu mbili kwenye vichwa vya mistari, nikarudi na 400 nikazituliza. Nikachomoa kile kitambaa cha kuzibia kwa kutokea mdomoni, siyo kusukuma chini, nikaosha upya, mafuta.

Njoro_wa_Naks

Hii story imenibamba sana, na sijawahi hata shika bunduki. Saiti je? Si ilienda na kile kipande?

Shindilia50

Saiti ilienda na kipande ndiyo, na hapa ndipo nilitoka jasho zaidi ya kukata, kwasababu kutengeneza kile kimfereji cha kuingizia saiti unapunguza unene wa mtutu wenyewe. Nikapiga hesabu kwanza: 15/16 ni 0.9375, toa tundu 0.50, gawa kwa mbili, ukuta ni kama 0.219 ya inchi, na hapo bado hujatoa kina cha ile mistari ya ndani. Kimfereji kina chake ni 0.09 hivi. Kinabaki kama 0.12. Kwa mdomoni ambapo presha imeshashuka inatosha, kwa mtutu mwembamba zaidi ya huu nisingegusa. Msumeno unapasua mistari kadhaa, tupa ya pembe tatu iliyosagwa ubavu mmoja usikate, unajaribu saiti, inagoma, unapunguza unywele, unajaribu. Nusu siku. Na ule ubavu wa chini unaoshika mdeki nao nikaupunguza, na mdeki pia.

MDEKI MKIUPUNGUZA, alama zake zote za zamani ni uongo. Mimi huwa nina alama ya bunduki tupu na alama ya mzigo umekaa vizuri. Nilichora upya siku hiyohiyo. Gololi isipokaa juu ya baruti, ikabaki katikati na nafasi tupu chini, ukipiga mtutu unaweza kuvimba au kupasuka, kwahiyo ile alama siyo urembo.

Niliweka saiti ndefu makusudi. Saiti ya mbele ikiwa ndefu risasi zinaenda chini, ukiipunguza kwa tupa zinapanda. Kwahiyo anza chini upande, mana kurefusha chuma hakuna. Ilikuwa inapiga inchi 4 chini kwa yadi 50. Hesabu: umbali kati ya saiti mbili kwangu sasa ni inchi 20, zidisha kwa 4, gawa kwa yadi 50 ambazo ni inchi 1,800, unapata 0.044 ya inchi. Milimita 1.1. Hiyo ndiyo ya kupunguza, na nikapunguza nusu yake kwanza kwasababu naijua mikono yangu.

mlalahai77

Mkuu tunaomba matokeo bana, unatuchelewesha na mahesabu.

Shindilia50

Yadi 50. Grein 70 za FFFg (baruti nyeusi ya punje ndogo), gololi .490, kitambaa cha shuka la mito unene .015 ya inchi. Risasi 5, inchi 2 na nusu. Nikasema bahati. Tano nyingine, inchi 2 na robo. Tano nyingine, 3, na moja ya hizo ni mimi nilikohoa.

Vitambaa nikaviokota vyote 15. Vizima. Unaweza kuvifua ukavirudisha kwenye mto.

BibiShangani

Hongera kaka angu. Na mtoto alikunywa maziwa?

Shindilia50

Alikunywa bibi hahaha.

rugaruga_mstaafu

Mtu wa Tabora kushindilia bunduki siyo habari, ni kurudi nyumbani. Karne ya 19 magobore yalipanda kutoka pwani na misafara ya pembe mpaka Unyamwezi, mtemi Mirambo na rugaruga wake, yani askari wake, walijenga dola nayo.

Shindilia50

Na Mirambo alifariki 1884, mwaka uleule aliofariki Samuel Hawken kule St. Louis. Niligundua hiyo usiku mmoja sina usingizi, nikamwamsha mke wangu kumwambia. Hakufurahi.

kijana_wa_Urambo

Mkuu kuna babu yangu ana gobore la kienyeji huku kijijini, mtutu ni bomba la maji. Naweza kumfanyia hii ya skrubu na msasa?

Shindilia50

HAPANA. Samahani kwa herufi kubwa. Mtutu wangu ni chuma cha kiwandani kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Bomba la maji halikutengenezwa kushika baruti, mdomo wake hata ung'ae kama kioo siku moja litampasukia usoni. Na kisheria, huku kwa sheria ya shirikisho bunduki ya kushindilia ya baruti nyeusi haihesabiwi kama bunduki za kawaida, japo kila jimbo lina masharti yake, lakini nyumbani Tanzania ni silaha kamili chini ya sheria ya silaha na risasi ya 2015, bila leseni ni kosa kubwa. Mshauri babu aisalimishe. Ongea na mtendaji kwanza, usiibebe barabarani.

Na kwa wote, baruti nyeusi tu au mbadala wake uliotengenezwa kwa bunduki hizi. Ile ya kisasa isiyo na moshi ndani ya mtutu huu ni bomu.

kijana_wa_Urambo

Nimekuelewa kaka.

Njoro_wa_Naks

Swali ya mwisho. Kwahivyo mtutu mfupi ndio unapiga vizuri kuliko mrefu?

Shindilia50

Hapana na hili naomba lieleweke, mana najua kuna mtu atasoma kichwa cha uzi akimbilie msumeno. Ufupi haujanisaidia kitu kwenye shabaha. Umenipunguzia, mana saiti zimekaribiana kwahiyo kosa dogo la jicho linakuwa kubwa zaidi, na risasi imepoteza kasi kidogo. Kilichobadilika ni mdomo. Ningekuwa na mdomo huu kwenye inchi 32 ningependa zaidi, tena ile bunduki ndefu ilikuwa inatulia mkononi vizuri, hii ya sasa pua inacheza.

Mzee_wa_Msasa

Na ungeweza kuanza na skrubu na msasa kabla ya msumeno. Mara nyingi inatosha.

Shindilia50

Kwangu isingetosha mzee, vile vishimo vya kutu vilikuwa vimeingia ndani.

FundiMkerezaji

Vimeingia kiasi gani? Kipande si unacho mfukoni. Kipasue katikati kwa urefu utuambie.

Shindilia50

Aisee. Sikuwahi kufikiria. Nipeni siku mbili.

Shindilia50

Nimerudi. Nimekibana kwenye jiliwa nikakipasua kwa urefu, msumeno mpya na jasho, nikaosha kwa mafuta ya taa nikaweka chini ya taa na rula.

Mistari imelika upande mmoja kuanzia mdomoni mpaka inchi moja na robo. Upande wa pili haijafika hata inchi moja. Vishimo vya kutu vinaishia hapohapo. Kuanzia hapo kwenda ndani, inchi moja na robo tatu yote iliyobaki, ni mpya. Kingo zimesimama, inang'aa, unaweza kudhani imetoka kiwandani jana.

Picha nimeweka hapo chini.

FundiMkerezaji

Inchi moja na nusu.

Shindilia50

Na ule mfereji wa saiti ningeukata katikati fundi, nilishakuambia.

FundiMkerezaji

Ungekata inchi moja na nusu, ukamalizia nusu mfereji kwa tupa hadi upotee. Robo ya inchi zaidi. Ungekuwa na inchi 30 na robo leo.

Shindilia50

Sina jibu. Nakiweka kwenye dirisha la karakana nikione kila siku.